Mhariri, "sio kansa" isiwe mwisho wa maongezi

Mhariri, mimi ni fundi gari sio daktari, ila naomba kanafasi maana hili jambo limenikaa rohoni.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 9. Ilianza kidogo kidogo, anavuta kiti mpaka anakaribia kugusa TV, usiku anaamka anamaliza jagi zima la maji, yunifomu ya darasa la kwanza bado inamtosha na yuko la tatu, sisi tunasema kafata ufupi wa ukoo wa baba yake. Kupimwa ndo ukaonekana uvimbe jirani na tezi ya pituitari, ile tezi ndogo chini ya ubongo inayotoa homoni, unaitwa kraniofarinjioma. Tukaambiwa "sio kansa", nyumba nzima ikapumua, shangazi akapika na pilau. Kumbe uvimbe wenyewe hausambai mwilini ila umekaa pabaya, unabana mishipa ya macho na sehemu inayosimamia njaa, kiu na ukuaji, ndo maana kuna watoto wanatolewa uvimbe halafu wananenepa vibaya na wanatumia homoni maisha yote. Yale maji waliyovuta kwenye uvimbe niliyaona kwenye bomba la sindano, nikamwambia dada hii si oili chafu kabisa, daktari akacheka, eti hata wao wanayafananisha na oili ya mashine.

Sasa kilichoniudhi, ripoti ya maabara ilikuja na jina la uvimbe tu, aina hakuna. Na aina ziko mbili, ni kama dizeli na petroli. Ya kwanza, adamantinomatasi, ndo ya watoto karibu wote na watu wazima pia wanaipata. Humo jeni ya CTNNB1 imeharibika, protini ya beta-katenini haivunjwi inavyotakiwa, inajazana na kuwasha jeni zilizotakiwa zilale, na zile zinazowaka nyingine ni zilezile za jino linaloota. Jino, ndani ya kichwa! Ya pili ni papilari, hiyo ni ya watu wazima, na karibu yote ina hitilafu kwenye jeni ya BRAF, inaitwa V600E, ileile ya kansa ya ngozi ya melanoma. Hii dawa yake ipo. Mwaka 2023 Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 16 waliopewa vemurafenibu na kobimetinibu, 15 uvimbe ulisinyaa, tena kwa asilimia 90 hivi. Vidonge jamani. Bei sitaki hata kuulizia, na madhara yapo, ila utavipataje kama aina yenyewe hujui?

Kwa watoto bado hatujafika huko. Maji ya uvimbe wao yana interleukini-6 nyingi, protini inayochochea kinga ya mwili, kwahiyo wameanza kujaribu tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi inayoizuia hiyo protini.

Ninachoomba ni madaktari waandike aina. Kile kipande cha uvimbe wanachokata kikipakwa rangi maalum kwenye maabara, ya beta-katenini au ya BRAF, kinaonyesha kwenye hadubini. Na kipande kitunzwe. Sisi kuulizia cha kwetu tuliambiwa nendeni dirisha la pili, la pili likaturudisha la kwanza, dada akalia palepale kwenye benchi. Juzi kimepatikana kwenye boksi, namba imefutika nusu, wamesema turudi Jumatatu.

Mjomba mtu,
Dar es Salaam