Barua ya wazi kwa kamati inayoandika historia ya shirika letu

Wanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa bibi yenu. Rasimu mliyonitumia nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mmejituma. Tarehe zimepangwa vizuri, wakurugenzi wametajwa mmoja baada ya mwingine, wafadhili wameshukuriwa, na picha ya kukata utepe imekaa ukurasa wa mbele. Lakini kuna kitu nilikitafuta kurasa zote sikukiona: mtu maskini anayesema neno. Yumo, ila kila alipo anapokea. Kapokea chakula, kalipiwa bili, kapewa nafasi ya mtoto shuleni. Hakuna mahali amepinga, amependekeza, wala amepiga kura. Kwa shirika la mtaani la kupambana na umaskini kama letu, ambalo maskini wenyewe wana viti katika bodi yake, pengo hilo ni kubwa, na nimeamua kuandika hadharani kwa sababu wapo Waswahili wengine hapa Marekani wanaofanya kazi katika mashirika ya namna hii, na nao siku moja watakabidhiwa kalamu.

Mmeanzia siku ofisi ilipofunguliwa. Rudini nyuma kidogo. Januari 1964 Rais Lyndon Johnson alisimama mbele ya Bunge akatangaza vita dhidi ya umaskini, na tarehe 20 Agosti mwaka huohuo akatia saini Sheria ya Fursa za Kiuchumi. Ofisi mpya ya kuisimamia alipewa Sargent Shriver. Kabla ya hapo yalikwishafanyika majaribio New York, New Haven na Boston, kwa hiyo wazo halikuanguka kutoka mbinguni. Jambo geni lilikuwa maneno machache ndani ya sheria, yaliyotaka mipango ya jamii iendeshwe kwa ushiriki mkubwa kadiri inavyowezekana wa wakazi wa maeneo yenyewe. Fedha za serikali kuu ziliweza kwenda moja kwa moja kwa shirika la mtaani bila kupitia mezani kwa meya. Na mtu anayekaa nyumba inayovuja akapewa haki ya kusema kipi kianze kutengenezwa.

Mameya hawakulifurahia, na walilalamika Washington mapema sana. Mwaka 1966 Bunge likaweka sharti kwamba theluthi ya wajumbe wa bodi wawe wawakilishi wa maskini. Mwaka uliofuata mbunge Edith Green wa Oregon akaleta marekebisho yaliyozipa serikali za mitaa uwezo wa kuteua shirika litakalofanya kazi kwao, na theluthi nyingine ya viti ikaenda kwa viongozi wa umma. Iliyobaki ikawa ya wafanyabiashara, vyama vya wafanyakazi, nyumba za ibada na makundi mengine. Ndiyo bodi yetu hadi leo. Rasimu yenu inaiita «muundo wa bodi» halafu inapita. Msiipite. Theluthi ile ilikuwa mapatano, na katika mapatano kila upande huacha kitu. Maskini walipata kiti ambacho hakuna meya angeweza kukiondoa, lakini walipoteza wingi wa kura ambao katika miji fulani walikuwa wameanza kuupata. Mimi naona walichopata kina thamani kubwa. Wenzangu wa siku zile hawakukubaliana nami, na ubishi wao pia unastahili ukurasa.

Mkitaka kujua kwa nini nalishikilia hili, someni habari za Mississippi. Kiangazi cha 1965 mpango wa Head Start ulianza nchi nzima, wiki nane za kuwaandaa watoto wa familia maskini kabla ya shule, na zaidi ya watoto nusu milioni waliandikishwa. Huko Mississippi kikaundwa Child Development Group of Mississippi, vituo 84 vyenye watoto wapatao 6,000. Walimu wengi walikuwa akina mama wa palepale, waliozoea kuchuma pamba na kufua nguo katika nyumba za Wazungu. Sasa walilipwa mshahara ambao mwenye shamba hakuweza kuukata kwa sababu mama amejiandikisha kupiga kura. Hilo ndilo lililowaudhi wakubwa. Seneta John Stennis akaushambulia mpango ule akidai fedha zimetumika vibaya, na ruzuku ikakwama. Vituo havikufungwa. Watu waliendelea kufundisha bila mshahara, na Februari 1966 watoto na walimu wao wakasafiri hadi Washington, wakaingia na vitu vyao vya kuchezea katika chumba cha kamati ya Bunge. Mwezi haukuisha kabla ya ruzuku mpya kuidhinishwa. Misukosuko iliwarudia baadaye mwaka huohuo, lakini mama aliyekwisha kusimama mbele ya wabunge harudi kijijini akiwa yuleyule.

Mimi sikufika hapa kwa ushujaa wa namna hiyo. Nilifika nikiwa mkimbizi, na majira ya baridi ya kwanza tulilala na makoti. Shirika likatusaidia bili ya kupasha nyumba joto, kisha mafundi wakaja na feni kubwa, wakaifunga mlangoni ili waone hewa inapenya wapi, wakaziba nyufa na kujaza sufi ya kuzuia baridi darini. Bili ikashuka. Mjukuu wangu akapata nafasi Head Start, nami nikachaguliwa kwenye baraza la wazazi, kwa maana kanuni za Head Start zinataka wazazi wawe wengi katika baraza la sera. Kutoka hapo majirani wakanipigia kura niingie bodi.

Miaka yangu miwili ya kwanza nilikuwa nakamilisha akidi tu. Mkutano ulikuwa saa tisa alasiri, wakati wenzangu wawili wako kiwandani. Makabrasha yalitufikia jana yake, kurasa tisini za Kiingereza cha wahasibu. Tulinyoosha mkono pale tulipoona wengine wamenyoosha. Siku moja mjumbe mwenzetu, mama wa watoto watano aliyekuwa akisafisha hoteli usiku, alikataa. Alisema hatapigia kura bajeti asiyoielewa, na akaketi kimya mpaka mwenyekiti akaahirisha ajenda. Ilikuwa aibu kubwa mle chumbani. Baada ya mwezi mikutano ikahamia jioni, pakawa na mtu wa kuangalia watoto, nauli ya basi, mkalimani, na mhasibu aliyekuja wiki moja kabla kutupitisha mstari kwa mstari. Mwaka uleule bodi ilihamisha sehemu ya fedha kutoka kwenye semina za kutunza bajeti ya nyumbani kwenda kwenye usafiri wa kwenda kazini, kwa sababu sisi tulijua kwamba watu walikosa njia ya kufika kazini, si elimu ya kuhesabu senti. Katika rasimu yenu uamuzi huo umeandikwa hivi: «Shirika lilipanua huduma za usafiri.» Nani alizipanua, wanangu?

Sura ya fedha mmeiandika vizuri kuliko zote, sina mengi. Ongezeni tu kwamba mwaka 1973 utawala wa Rais Nixon ulitaka kuivunja ofisi iliyoyalea mashirika haya, wafanyakazi wake pamoja na shirika la vijijini kutoka Missouri wakaenda mahakamani, na Aprili jaji akaamua kwamba rais hawezi kubomoa kilichotengewa fedha na Bunge. Mwaka 1981, wakati wa Rais Reagan, ofisi iliyoirithi ilifutwa na fedha zikageuzwa ruzuku inayopitia majimbo. Hapo ndipo mashirika yalipojifunza kuishi kwa mikataba kumi badala ya mmoja, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, bodi nyingi zilipoanza kumsikiliza mkaguzi wa hesabu kuliko jirani. Mkaguzi anahitajika, sikatai. Nimemwona mkurugenzi mwema akianguka kwa stakabadhi zilizopotea.

Jambo la takwimu. Mmejaza kurasa sita kwa idadi ya familia zilizo «chini ya mstari wa umaskini» bila kueleza mstari wenyewe. Uliwekwa na Mollie Orshansky, mchumi wa idara ya hifadhi ya jamii, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alichukua gharama ya chakula cha kubana sana akaizidisha mara tatu, kwa kuwa familia za wakati ule zilitumia takriban theluthi ya pato lao kwa chakula. Leo kodi ya nyumba na malezi ya watoto humeza zaidi, lakini hesabu ni ileile, ikipandishwa kufuata bei tu. Mwelezeni msomaji. Wapo waliofukuzwa mlangoni kwetu kwa kuzidi mstari huo kwa dola chache, na karani aliyewarudisha aliumia kama wao.

Andikeni pia tulikoshindwa. Ule mradi wa kushona uliokufa baada ya miezi minane usifichwe, maana walioshona bado wanaishi hapa na wanajua ulikufa kwa nini: hakuna aliyewauliza nani atanunua.

Ninayo mihtasari ya bodi ya miaka yangu yote, maboksi mawili chini ya kitanda, na katika ukingo wa karatasi nimeandika kwa Kiswahili yale ambayo katibu hakuyaandika. Njooni Jumamosi na gari. Kabla ya hapo, mtembeleeni yule mzee aliyekuwa dereva wa basi dogo la watoto tangu miaka ya mwanzo. Kumbukumbu yake asubuhi ni nzuri, mchana huchoka, kwa hiyo fikeni mapema, na mmoja wenu aandike huku mwingine akimsikiliza tu.

Bibi yenu