Njia ya Ujiji hadi Tabora nayo inastahili wasafiri wasio na haraka

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu mimi na mume wangu tuliporudi Ujiji kutoka safari ya wiki tatu kusini-magharibi mwa Ulaya. Tulisafiri kwa gari dogo la kukodi, taratibu, kutoka Lisbon nchini Ureno, kupitia kaskazini mwa Hispania, hadi Bordeaux nchini Ufaransa, ambako binti yetu anaishi na familia yake. Yeye ndiye aliyegharamia safari baada ya sisi wawili kustaafu, mimi uuguzi na mwenzangu udereva wa malori, akatupa sharti moja tu, kwamba tusikimbie. Sharti hilo lilikuwa zito kwa mzee ambaye kwa miaka mingi aliondoka Kigoma na shehena ya dagaa huku akihesabu saa za kufika Dar es Salaam.

Siku mbili za mwanzo ziliishia katika kujifunza kuendesha upande wa kulia, na kilichomtaabisha mume wangu zaidi kilikuwa vipilefti, kwa kuwa kule magari huvizunguka kinyume kabisa na tulivyozoea. Baada ya hapo tuliziacha barabara za kasi zenye ushuru, ambazo mwendo wake katika Ureno na Hispania unaruhusiwa kufikia kilomita 120 kwa saa, tukafuata barabara za zamani zinazopita katikati ya vijiji. Sijutii saa hata moja tuliyoongeza kwa uamuzi huo.

Karibu na Évora, mashariki ya Lisbon, tulisimama mahali ambapo miti imemenywa magome kuanzia chini hadi kwenye matawi, mashina yakabaki na rangi nyekundu ya udongo, na kila shina limeandikwa tarakimu moja nyeupe. Hiyo ni mialoni inayotoa vizibo vya chupa, na Ureno ndiyo inayoongoza duniani kwa zao hilo. Tarakimu ile ni ya mwisho katika mwaka ambao gome lilivunwa, ili mtu yeyote asiguse mti huo mpaka ipite miaka tisa, muda ambao gome jipya huwa limekomaa. Mume wangu, aliyezaliwa katika familia ya warina asali kule Urambo, alisimama mbele ya mti mmoja kwa muda mrefu bila kusema neno. Marehemu baba yake alichuna magome ya miyombo kwa ajili ya mizinga, na mti ukishachunwa gome lake kuzunguka shina lote haupati nafuu tena.

Huko Ureno nilishangaa pia jinsi masikio yetu yalivyokuwa yakidaka maneno. Mwenye mgahawa alituonyesha "mesa" iliyokuwa wazi, nasi tukaijua kuwa ni meza kabla hajainyooshea mkono. Bendera yao ni "bandeira", na lile kanisa wanaloliita "igreja" ndilo lililotupa sisi neno gereza, kwa sababu ambazo wenyeji wa pwani yetu walizilipia kwa uchungu baada ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Chakula tulicholetewa kilikuwa sardini za kuchoma kwenye mkaa, ambazo ni jamaa wa karibu wa dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika. Tulikula kwa mikono, na hakuna aliyetutazama vibaya.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni lile tuliloliona kuanzia Santiago de Compostela, mji ambao kwa zaidi ya miaka elfu moja Wakristo wamekuwa wakiuendea kwa miguu kuhiji mahali panapoaminika kuwa kaburi la mtume Yakobo. Sisi tulifika kwa gari tukitokea Porto, kisha tukageuka kwenda mashariki, kwa hiyo kwa zaidi ya wiki moja, kupitia León, Burgos na Pamplona hadi kuvuka milima ya Pyrenees, tulikuwa tukikutana uso kwa uso na mahujaji waliokuwa wakienda tulikotoka. Njia wanayoifuata wengi, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, ina urefu wa takriban kilomita 780. Niliona wazee wa umri wangu, vijana, mama na mwanawe aliyekuwa akichechemea, kila mmoja na gamba la kombe limening'inia kwenye mkoba wake, kwa kuwa gamba hilo ndilo alama ya njia. Kila hujaji hubeba kijitabu kinachopigwa muhuri katika nyumba anazolala, na anayetembea walau kilomita 100 za mwisho hupewa cheti.

Naomba wasomaji wasidhani kwamba njia hii imekuwa na msongamano huo tangu zamani. Ilikuwa imesahaulika kwa kiasi kikubwa hadi padri wa kijiji kidogo cha O Cebreiro, Elías Valiña, alipochukua rangi ya njano katika miaka ya 1980 akaanza kuchora mishale kwenye mawe, miti na kuta ili anayetembea asipotee. Mwaka 1987 Baraza la Ulaya likaitangaza kuwa njia ya utamaduni ya kwanza ya bara hilo, mwaka 1993 UNESCO ikaiingiza sehemu ya Hispania katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2023 waliopokea cheti pale Santiago walizidi 400,000. Mishale ile tuliiona kila siku. Mingine imefifia na kupakwa upya, na chini ya mingi kuna mtu aliyeweka benchi, bomba la maji, au meza yenye matunda na sanduku la kutilia sarafu.

Kama muuguzi, niliguswa zaidi na jengo lililo ubavuni mwa kanisa kuu la Santiago. Malkia Isabella na mfalme Ferdinand waliamuru lijengwe liwe hospitali ya mahujaji waliofika wakiwa wagonjwa na wamechoka, na tangu mwaka 1954 ni hoteli ya serikali, mojawapo ya zile ambazo Hispania ilianza kuzifungua mwaka 1928, nyingi zikiwa ndani ya ngome, majumba na nyumba za watawa za kale. Bei ya vyumba ilituzidi uwezo, tukalala katika nyumba ndogo mtaa wa pili, ila tulipita kutazama, na nikawaza mikono mingapi ya wenzangu wa zamani imeosha vidonda vya miguu ndani ya kuta zile.

Usiku ule ndipo nilipomwambia mume wangu kwamba sisi tumezaliwa kwenye njia kubwa kuliko hii.

Kutoka Ujiji kupita Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000, na watu waliipita kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliosifika kwa uhodari wao katika Afrika Mashariki yote, walibeba mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja, pembe za ndovu kuelekea pwani na nguo na shanga kuelekea bara. Waliotekwa utumwani walipita njia hiyohiyo wakiwa wamefungwa, na wengi hawakufika. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa Ujiji, na mwaka uliofuata wawili hao walikaa katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora. Nchi yetu iliiweka njia hii ya utumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO tangu mwaka 2006. Hata hivyo, mtoto wa Ujiji leo anaweza kumaliza shule bila kujua kwamba barabara anayoivuka kwenda sokoni ndiko walikopita mababu zake.

Mwezi mmoja baada ya kurudi, tuliendesha gari letu wenyewe kutoka Kigoma hadi Tabora kwa mwendo uleule wa Hispania, tukakaa siku nne. Tulinunua chumvi Uvinza kwa mama aliyetueleza namna ya kuichemsha, tukashuka kwenye daraja la Malagarasi kutazama mto, na Nguruka tukakaa nusu siku kwa sababu mzee mmoja aliyekaa barazani alikuwa na habari nyingi za njia ya zamani kuliko tulizowahi kusoma. Watu wapo na habari zipo. Kilichotushinda ni alama. Mahali pawili tulipitiliza bila kujua, na katika kituo kimoja cha kumbukumbu, ambacho sitakitaja, tulikuta geti limefungwa na hapakuwa na mtu wala namba ya simu ya kumwita mwenye funguo.

Ninachoomba kwa halmashauri zetu za Kigoma na Tabora, kwa shule na kwa wenye nyumba za wageni zilizoko kando ya barabara hii, hakihitaji fedha nyingi kuanza. Pawekwe alama moja inayofanana kutoka Ujiji hadi Tabora, iliyochaguliwa na wenyeji wenyewe. Mimi ningependekeza jani la mwembe, kwa kuwa miembe ndiyo inayosimuliwa kuwa ilipandwa na misafara ile. Patengenezwe kijitabu ambacho msafiri, awe mgeni au mwanafunzi wa Kaliua, atagongewa muhuri Ujiji, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo na Kwihara. Majengo ya zamani ambayo bado yana paa yachunguzwe mapema, kabla mvua hazijayamaliza, yale yanayofaa yawe mahali pa kulala na kula, na wazee kama yule wa Nguruka walipwe kwa kusimulia. Wageni wengi wa Kigoma huja kwa ndege kuona sokwe wa Gombe na Mahale, kisha huruka kurudi. Wakipewa sababu ya kusimama, baadhi yao watarudi kwa barabara, na shilingi zao zitabaki mikononi mwa mama wa Uvinza na mama wa Nguruka.

Sisi hatukungoja. Mume wangu amepata kipande cha mninga, amekichonga jani la mwembe na kuandika chini yake "Njia ya Misafara", na tumekisimika kwenye uzio wetu, chini ya mwembe, pamoja na benchi na mtungi wa maji ya kunywa. Wiki iliyopita vijana wawili wa baiskeli waliokuwa wakielekea Tabora walipumzika hapo kwa saa nzima.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Ujiji, Kigoma.