Mahamri yarudishiwe jina lake

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, nalo ni lugha ya menyu katika mikahawa ya Nairobi, hasa ile ya Kilimani, Lavington na Westlands ambayo sisi vijana wa maofisini tumeigeuza sebule zetu za mwisho wa wiki.

Jumamosi moja ya mwezi Machi nilimpeleka mama yangu, aliyekuwa amenitembelea kutoka Kisauni, katika mkahawa mmoja wa aina hiyo. Hapakuwa na menyu ya karatasi. Mezani palikuwa na kibandiko cha mraba chenye vidoto vyeusi, ambacho mteja hukipiga picha kwa simu ili orodha ya vyakula imfungukie. Simu ya mama ni ile ya vibonyezo, kwa hiyo ikawa mimi namsomea kutoka kwenye yangu huku nikimtafsiria mstari baada ya mstari. Nilipofika kwenye chakula kilichoelezwa kwa Kiingereza kuwa ni donati za pwani zenye viungo, zikiandamana na kile nilichokitafsiri kwa haraka kuwa ni kunde za njiwa katika krimu ya nazi, mama alinikatiza akataka kujua njiwa hao wamechinjwa na nani. Nilicheka, kisha nikaona haya, maana ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikimfasiria mahamri na mbaazi, staftahi aliyonipikia yeye mwenyewe tangu sijaanza shule.

Tuliagiza. Yakaja mahamri matatu juu ya kibao, yamenyunyiziwa sukari ya unga, na mbaazi katika kibakuli kisichozidi kikombe cha kahawa. Mama alipasua moja, akalinusa, akasema halina iliki. Halafu akamwita mhudumu.

“Mwanangu, haya si mahamri?”

Kijana yule alitazama nyuma kwanza, akainama, akajibu kwa sauti ya chini: “Ndiyo, mama, ni mahamri. Ila tumeambiwa tusiyaite hivyo mbele ya wateja.”

Sitalalamikia bei, ambayo ilikuwa shilingi 950. Mimi ni mhasibu, najua kodi ya pango katika mitaa ile, najua VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inavyokula mapato, na anayetaka mahamri ya shilingi ishirini anajua kibanda cha kuyapata. Kilichoniudhi ni lile agizo alilopewa kijana wa watu, kwamba chakula kina jina na jina lenyewe lisitajwe.

Ingekuwa kila chakula katika menyu ile kimetafsiriwa, ningenyamaza. Lakini risotto iliandikwa risotto, ramen ikabaki ramen, na hakuna aliyeona haja ya kumfafanulia mteja kwamba tagliatelle ni tambi bapa. Mtaliano na Mjapani waliaminiwa kuwa majina yao yanatosha, na mteja asiyeyajua akatarajiwa aulize au ajifunze. Kachumbari iliyoletwa na samaki wa meza ya jirani ndiyo iliyobatizwa salsa, navyo viazi karai vikaitwa kwa maneno saba ambayo hata sasa siwezi kuyakumbuka yote. Ni ajabu kwamba katika jiji la Nairobi, mgeni kwenye menyu ni mwenyeji.

Historia ya jiko letu haikuenda hivyo hata kidogo. Kiswahili hakijawahi kuogopa jina la kigeni mezani, na hata neno lenyewe meza tulilipata kwa Wareno. Pilau na sambusa vilifika pwani na majina yao kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Chapati tuliipata kwa Wahindi, ambao wengi wao walikuja kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896 na kufika hapa Nairobi mwaka wa 1899, na leo hakuna karamu ya Krismasi inayokamilika bila hiyo chapati, iwe Murang'a au Kisumu. Wazee wetu walipokipenda chakula walikichukua pamoja na jina lake, wakalitamka kwa ulimi wao, basi. Hawakumwambia mwenye chapati kwamba kuanzia sasa itaitwa mkate bapa wa kukaangwa.

Nimewahi kuambiwa na rafiki yangu anayesimamia jiko katika hoteli moja kwamba menyu huandikwa hivyo kwa ajili ya watalii na wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, na kwamba, isitoshe, Kiswahili hakina istilahi za upishi wa kisasa. Hoja ya kwanza inajibiwa na ile risotto: andika jina, kisha chini yake weka mstari mmoja wa maelezo kwa Kiingereza, na Kifaransa pia ukipenda. Hoja ya pili ndiyo iliyonishangaza, kwa kuwa rafiki huyu amezaliwa Lamu. Kiswahili hutofautisha kuchoma na kubanika, kukaanga na kuoka, kuchemsha na kutokosa. Ukimwuliza mama yangu jinsi mbaazi za nazi zinavyopikwa, atakwambia kwanza zichemshwe hadi zilainike, ziungwe kwa tui jepesi, na kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, liingie mwishoni moto ukiwa mdogo, huku ukikoroga polepole lisikatike. Haya yote, pamoja na onyo la kutolikatisha tui, menyu ile iliyaita krimu. Nadhani ndiyo sababu mbaazi zenyewe zilikuwa na chengachenga nyeupe juu.

Jambo lingine ni kwamba mikahawa hii haikichukii Kiswahili. Inakipenda kwa mapambo. Neno Karibu limechongwa mlangoni kwa herufi za dhahabu, Sheng imechorwa ukutani ili tupigie picha, na wahudumu wamevalishwa fulana zenye methali za kanga. Sisi wateja nasi hatuna pa kujificha. Nimeketi mara nyingi na wenzangu wa ofisini, watu ambao dakika tano kabla walikuwa wakitaniana kwa Kiswahili ndani ya lifti, na mhudumu alipofika kila mmoja wetu akaagiza kwa Kiingereza, tena kile cha puani. Bila shaka mwenye mkahawa ametuangalia akapima soko lake.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 nacho kinampa mteja haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa au huduma anayoilipia. Sisemi mtu ashtakiwe kwa sababu ya mahamri. Nasema tu kwamba mama mwenye akili timamu, anayesoma Kiswahili bila miwani, hakuweza kujichagulia chakula katika mji mkuu wa nchi yake bila mkalimani, ilhali chakula chenyewe ni cha kwao.

Wiki iliyofuata nilimwandikia meneja wa mkahawa huo kwa Kiswahili, bila ukali, nikimwomba aandike majina ya vyakula vya pwani na vya bara jinsi yanavyojulikana na wenyewe, kisha aweke maelezo kwa lugha yoyote anayoona inafaa. Niliambatanisha orodha ya majina kumi na mawili ili nimpunguzie kazi. Alinijibu siku ya pili, kwa adabu nyingi na kwa Kiingereza, kwamba pendekezo langu ni zuri na litafikiriwa menyu itakapochapishwa upya. Menyu yenyewe, Bwana Mhariri, iko kwenye simu, wala haijawahi kuchapishwa. Tangu anijibu nimeifungua mara kadhaa kuangalia kama kuna lolote lililobadilika, na bei zimebadilika mara mbili.

Msomaji wako,
South B, Nairobi