Kichupa cha CBD kisipande ndege

Ndugu Mhariri,

Wenzetu wengi huku Marekani hununua dukani mafuta ya CBD, kemikali itokayo kwenye mmea wa bangi, wakitafuta usingizi au nafuu ya maumivu. CBD hailevyi. Kinacholevya kwenye bangi ni THC, inayoufanya moyo kwenda mbio na kuvuruga kumbukumbu. Ndiyo maana sheria ya kilimo ya 2018 iliruhusu bangi yenye THC isiyozidi asilimia 0.3. Lakini ruhusa hiyo haivuki mpaka! Anayerudi Dar es Salaam kupitia Dubai na kichupa chake mkobani anapita nchi ambako CBD yenyewe ni marufuku, na lebo ya “haina THC” haimwokoi. Naziomba balozi zetu ziwatangazie abiria mapema, kabla hawajafunga mizigo.

Msomaji wenu,
Minneapolis, Marekani