Tromsø mpaka Longyearbyen siyo saa tano jamani

Mhariri salaam, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Shemeji yangu wa Tanga kanitumia WhatsApp picha ya ile habari yenu ya kusafiri kaskazini kabisa mwa dunia, mmeandika Tromsø mpaka Longyearbyen kule Svalbard, vile visiwa vya Norwei vya kaskazini kabisa, ni kilomita 3,500 na ndege inachukua saa tano. Mimi naishi hapahapa Tromsø, Norwei, na hiyo ndege nimeshaipanda mara mbili. Kwenye tiketi ni saa 1 na dakika 40 hivi, umbali km 960 tu!

Mlipokosea napajua, mlichukua rula mkapima kwenye ramani ya ukutani, ile ile tuliyosomea darasani. Sasa dunia ni duara, ukiitandaza kwenye karatasi lazima uivute, na ramani ile kadiri unavyopanda juu ndivyo inavyovutwa kama lastiki, pale katikati ya Tromsø na Svalbard imevutwa zaidi ya mara tatu na nusu. Ndo maana ukipima kwa rula hicho kipande kinakaribia kulingana na Mombasa mpaka Libreville kule Gabon, yaani Afrika nzima unaikata! Kihalisia ni Dar kwenda Mwanza kwa ndege, kama km 850, uongeze kidogo.

Halafu msije mkachukua km 960 mkagawa kwa spidi ya ndege mkapata saa 1 na dakika 10 mkaona mmemaliza. Kuna kutembea chini mpaka ifike kwenye ranwei, kuna kupanda na kushuka taratibu, na winta kuna kusimama mnanyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa, unakaa dirishani unaona maji ya rangi yanachuruzika kwenye kioo na dakika zinaenda. Tena na pasipoti utaulizwa hapa Tromsø ingawa hutoki nje ya Norwei, kwa sababu Svalbard haimo kwenye Schengen, yale makubaliano ya nchi za Ulaya ya kupita mipakani bila kukaguliwa pasipoti, kwa hiyo mwenye viza ya kuingia mara moja tu, kwenda ataenda ila kurudi ndo kasheshe. Hilo hamkuliandika na ndilo lingemsaidia msomaji.

Niwe mkweli lakini, safari yangu ya pili ilikuwa shughuli. Tulifika juu ya Longyearbyen ukungu umefunika kila kitu, tukazunguka weee, rubani akasema hatutui, tukarudi Tromsø. Zaidi ya saa tatu hewani na nikashukia palepale nilipopandia, na kule hakuna kusema basi nishukie mji wa jirani nikachukue basi, ni kisiwa na Longyearbyen haina barabara ya kwenda mji mwingine wowote. Siku ile mngeandika saa tano nisingebisha sana. Kesho yake tukatua kwa muda uleule wa kwenye tiketi, mapokezi yakawa yule dubu mweupe aliyekaushwa amesimama katikati ya mkanda wa mabegi, begi langu likapita miguuni kwake.

Basi naomba msahihishe kwenye toleo lijalo, maana shemeji anasema gazeti haliwezi kukosea, muongo ni mimi.

Msomaji wenu, Tromsø