Ile saini uifute

Kwako Mwalimu Sefu,

Salamu nyingi, na wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo, ila mvua haitupi nafasi. Naandika mbiombio kwa sababu Kibwana ameniletea karatasi zako za mdahalo wa Jumamosi, na ukurasa wa pili umenitoa jasho. Umeandika kuwa marekebisho ya Katiba ya Marekani yakishapita Kongresi, "Rais hutia saini". Futa, ndugu yangu. Futa kabla vijana wa kidato cha sita hawajakurukia.

Najua umeitoa wapi. Kwetu, kubadili Katiba ni muswada: unataka theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa baadhi ya mambo ya Muungano theluthi mbili ya Bara na theluthi mbili ya Zanzibar, kila upande kivyake, kisha unakwenda kwa Rais. Kule Rais hamo kabisa. Kifungu cha Tano cha Katiba yao, kile cha namna ya kuirekebisha, hakimtaji, na Mahakama ya Juu ililimaliza jambo hilo mwaka 1798, kesi ya Hollingsworth dhidi ya Virginia.

Utanijibu: mbona Lincoln alitia saini yale ya 13, ya kukomesha utumwa? Alitia, Februari 1865. Siku chache baadaye Seneti ikapitisha azimio kwamba saini ile haikuhitajika! Hata ya Nixon mwaka 1971, kwenye yale ya 26 ya kupiga kura ukiwa na miaka 18, ilikuwa ya shahidi tu.

Sasa uandike hivi. Theluthi mbili ya waliohudhuria katika kila baraza, Wawakilishi na Seneti. Usiseme ya wajumbe wote, hapo wengi huteleza. Kisha robo tatu ya majimbo: 50 yanakupa 37 na nusu, na jimbo halikatwi vipande, kwa hiyo 38. Magavana hawatii saini. Jimbo linaridhia au linaacha, maneno halirekebishi. Na kwa kuwa kila bunge la jimbo lina mabaraza mawili, isipokuwa Nebraska, baraza moja tu likigoma katika majimbo 13, marekebisho yamekufa. Ndiyo maana tangu 1789 Kongresi imepeleka mapendekezo 33 na yaliyopita ni 27.

Kongresi pia ndiyo huamua kama yataridhiwa na mabunge au na mikutano maalumu ya majimbo. Mikutano imetumika mara moja, 1933, kufuta marufuku ya pombe. (Huu mfano watacheka, uweke mwanzoni.) Ipo na njia ya majimbo 34 kudai mkutano mkuu wa Katiba, lakini haijawahi kufika mwisho, usiipotezee dakika.

Ila yale ya 27 usiyaache. Yanasema mabadiliko ya mishahara ya wabunge yasianze kazi mpaka uchaguzi wa Wawakilishi upite. Yalipelekwa majimboni 1789, yakalala, hayakuwa na tarehe ya mwisho. Mwaka 1982 mwanafunzi wa Texas, Gregory Watson, aliandika insha kwamba bado yangeweza kuridhiwa, akapewa C. Akaanza kuandikia mabunge ya majimbo barua, na mwaka 1992 yakapita. Linganisha na yale ya usawa wa wanawake ya 1972: yaliwekewa miaka saba, yakaongezewa hadi 1982, muda ukaisha yakiwa na majimbo 35. Matatu yakaja kuridhia baadaye, 2017 mpaka 2020, na ugomvi wake... huo tuuzungumze tukionana, hauingii katika dakika kumi.

Haya, niambie: ni dakika kumi kweli au Kibwana amekupunja? Upande wa pili anasimamia nani, yule shemeji wa Mama Tatu? Nakala zimeshachapwa au bado ziko kwako? Ukurasa wa pili unaweza kuupiga upya mpaka Ijumaa? Na saini je, umeshaifuta?

Wako,
Hamisi