Tupeni mizani, si nyongeza ya tani

Kwa Mhariri,

Juzi msomaji mwenzangu aliandika hapa akitaka wakulima waruhusiwe kuzidisha uzito wa malori kwa asilimia 10 msimu wa mavuno, kama wanavyofanya Wamarekani. Mimi ni mtu wa mzigo. Nanunua madafu Msambweni na vijiji vya jirani, nayapeleka Nairobi kwa Fuso ya ekseli mbili. Nyongeza hiyo ikipita, mimi ni katika watakaokula mwanzo. Hata hivyo siitaki.

Mfano aliotoa ni wa kweli. Jimbo la Minnesota huwapa wakulima asilimia 10 zaidi wakati wa mavuno, kutoka shambani hadi mahali pa kwanza pa kushushia. Alichosahau kutuambia ni kwamba jimbo hilohilo hutoa nyongeza nyingine wakati wa baridi kali, kwa kuwa ardhi huganda ikawa ngumu na barabara ikahimili zaidi. Barafu ikiyeyuka na udongo ukalegea, wanapunguza uzito tena. Wenzetu wanaisoma ardhi yao. Yetu haigandi ng'o. Masika yakituama, lori linapita juu ya lami nyembamba ambayo chini yake ni tope, na msimu huo ndio dafu hujaa maji likawa zito.

Tena kuna hesabu ambayo ilinitoa jasho nilipoielewa. Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani walijenga vipande vya barabara kule Illinois, wakawaweka wanajeshi kuzungusha malori juu yake kwa miaka miwili ili waone barabara inakufaje. Waligundua kuwa madhara hayapandi sawasawa na mzigo, yanaruka. Kwa makadirio yaliyotokana na jaribio lile, ekseli ikizidishwa uzito kwa asilimia 10, madhara huongezeka karibu nusu. Ikizidishwa asilimia 20, ni maradufu. Kwa hiyo ile asilimia 10 tunayoombewa si kidogo, na mashimo yake tutayalipa sisi wenyewe kwa springi na tairi.

Sheria yetu ni ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013. Lori la ekseli mbili halipaswi kuzidi tani 18 pamoja na mzigo: ekseli ya mbele tani 8, ya nyuma yenye tairi nne tani 10. Ukienda kwenye ekseli tatu unapata 26, na matrela makubwa kabisa ya ekseli saba mwisho wake ni 56. Sina ugomvi na tarakimu hizo. Ugomvi wangu ni kwamba tunapimwa kwa kilo ilhali biashara yetu nzima ni ya kuhesabu.

Madafu huuzwa kwa idadi. Mkwezi hulipwa kwa mnazi au kwa dafu, mwenye shamba hulipwa kwa dafu, nami nauza kwa dafu. Hakuna hata mmoja kati yetu anayetaja kilo mpaka tufike kwenye mizani ya barabara kuu. Sasa tazama: madafu 4,000 ya kilo mbili mbili ni tani 8. Madafu 4,000 ya kilo tatu tatu ni tani 12. Gari langu tupu lina tani 6 na nusu. Mzigo wa kwanza unapita ukipiga mluzi, wa pili una kesi, na mpakiaji amehesabu idadi ileile kwa uaminifu wake wote. Mwenye maembe ana shida hiyohiyo, na mwenye magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa kupita kiasi, ana kubwa zaidi, maana gunia lake halina hata umbo.

Nitasimulia yaliyonipata mwenyewe, na jina la kituo nitalihifadhi. Tulipanda kwenye mizani saa mbili asubuhi. Mbele tani 4.9, nyuma 11.2, jumla 16.1. Nikashusha pumzi, kwa kuwa tulikuwa karibu tani mbili chini ya 18. Kijana wa mizani akatoa kichwa dirishani: “Mzee, jumla haina neno, lakini ekseli ya nyuma imezidi. Wekeni gari kando mpange upya.”

Nikamtazama dereva wangu, naye akatazama tairi zake kama kwamba zimemsaliti. Kumbe makuli, kwa kukwepa kazi ya kuyapitisha madafu mpaka mbele, waliyarundika kuanzia mlangoni. Tukafungua turubai. Nilipiga hesabu haraka: ekseli husamehewa ikizidi hadi asilimia 5, yaani ya nyuma huishia tani 10.5, kwa hivyo tuondoe kilo 700 nyuma, yaani madafu 300 hivi, tuyasogeze mbele karibu na kabini. Tukasogeza 300, tukapima, bado. Ukisogeza dafu kutoka nyuma kwenda mbele, uzito wake wote hauhami; sehemu tu ndiyo huhamia ekseli ya mbele, na nyingine hubaki palepale. Tulihamisha karibu 500, mimi, dereva na taniboi, juani, mpaka mchana. Yaliyoanguka yakapasuka tukayanywa. Mengine yaligongana yakaanza kuwa meusi penye makovu, na mnunuzi wa Nairobi aliyakataa kesho yake bila hata kuyagusa.

Kosa lilikuwa letu, nakiri. Ila tungelijua wapi kabla ya pale? Tangu shambani hadi pale tulikuwa tumesimamishwa kwenye vizuizi viwili vya sesi, ule ushuru wa mazao wa kaunti. Tulilipa, tukapewa risiti, na hakuna aliyekuwa na kifaa cha kutuambia tumebeba nini. Hapo ndipo ninapotaka serikali za kaunti za Pwani zitazame. Ipo mizani ya kubebeka, vibao viwili vinavyowekwa chini ya tairi, na askari wa barabarani huitumia kuwanasa wakaidi. Wekeni jozi moja penye sesi na jozi nyingine kwenye masoko makubwa ya kupakia. Mkulima apime kwa hiari, kwa ada ndogo, bila faini, na aliyezidi ashushe pale pale ambapo shamba bado liko karibu na mzigo una pa kurudi. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inatutoa Kwale hadi Miritini bila kugusa feri ya Likoni, kwa hiyo gari linafika barabara kuu kabla dereva hajamaliza chai yake. Nafasi ya kurekebisha mzigo imekuwa fupi zaidi.

Kwa sasa najisaidia. Nimenunua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza mahindi, naifunga kwenye tawi la mwembe. Kabla ya kupakia napima madafu 50, nikiyachagua kutoka minazi tofauti, nagawanya kwa 50, ndipo najua niseme 4,000 au 3,500. Wakwezi walinicheka mwezi wa kwanza. Na makuli hawalipwi mpaka nione madafu yamepangwa kuanzia mbele, karibu na kabini.

Mchukuzi wa madafu,
Likoni, Mombasa